Bwana Nyama Aliyehesabu Mijusi

Ada yangu ya kidato cha kwanza ililipwa na mijusi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nimesimama upande gani kabla sijaanza kumsimulia Arthur Loveridge, mzee aliyezaliwa mbali na kufia mbali, lakini maisha yake yakapita katikati ya milima ya kwetu.

Mimi ni mtoto wa upande wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba wangu analima mpunga kidogo na ndizi. Katika miaka ile ya kuanzia 2005 hivi, mpunga ukiwa umekataa, alikuwa anaingia msitu wa Kimboza kukamata mijusi ya bluu. Mnunuzi alikuja na vyombo vyenye matundu, akahesabu, akalipa papo hapo, akaondoka. Mijusi ilikuwa inakwenda wapi hatukuuliza. Kiukweli hela ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa hela. Mwaka 2009 nikaenda sekondari na sare mpya, na mimi mwenyewe niliwahi kumfuata mjomba msituni siku mbili tatu, nimebeba panga.

Sasa ruka hadi mwaka wa pili chuoni. Tuko kwenye kipindi cha wanyamapori, saa nane mchana, nusu ya darasa limesinzia. Mhadhiri anaonesha orodha ya wanyama wa Tanzania walio hatarini kutoweka kabisa. Inatokea picha ya mjusi wa bluu, kidevu cheusi, tumbo la rangi ya chungwa. Usingizi ukanitoka. Chini ya picha kuna jina la Kilatini, Lygodactylus williamsi, na mbele yake jina la mtu na mwaka: Loveridge, 1952. Baada ya kipindi nikamfuata mhadhiri, nikamuuliza huyo Loveridge ni nani na alijuaje mjusi wa kwetu. Akanijibu kwa ufupi kwamba maktaba iko wazi mpaka saa nne usiku. Basi nikaenda. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata, kwa muhula mzima wa kusoma mambo ambayo hayakuwa kwenye mtihani.

Arthur Loveridge alizaliwa tarehe 28 Mei 1891 huko Penarth, mji mdogo wa bandari nchini Wales. Alipokuwa kijana alipata kazi katika majumba ya makumbusho, kwanza Wales na Manchester, yaani kazi ya kupanga, kubandika lebo na kuandika madaftari. Kwa watu wengi hiyo ni kazi ya kuchosha. Kwake ilikuwa ndiyo maisha, na hakuna wakati wowote baadaye alipoiacha.

Mwaka 1914, akiwa na miaka 22, alipanda meli kuja Afrika Mashariki kuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi. Ukiangalia huo mwaka utaona kasheshe iliyomsubiri. Alikuwa hajapanga vizuri makabati yake, Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka, na Waingereza wa Kenya wakawa wanapigana na Wajerumani wa upande wetu. Loveridge akajiunga na kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Vita ile iliwatafuna Waafrika kwa maelfu, hasa wapagazi, wengi wao kwa njaa na maradhi zaidi ya risasi. Hilo tumefundishwa wote kwenye historia. Ambalo sikufundishwa ni kwamba ndani ya vita hiyohiyo alikuwepo askari mmoja aliyekuwa anaokota mijusi. Mwaka 1920 alichapisha London makala ya kisayansi kuhusu mijusi aliyoikusanya Afrika Mashariki kati ya 1915 na 1919. Nilirudia kusoma hiyo miaka nikidhani nimekosea. Hapana. Wakati wenzake wanahesabu risasi, yeye alikuwa anahesabu magamba.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, na hapohapo ndipo nilipoanza kumwonea shaka. Mtu anawezaje kupita kwenye nchi inayoungua akaona mjusi? Lakini pia, nani mwingine alimwona huyo mjusi? Hakuna aliyekuwa na nafasi.

Vita ilipokwisha na Waingereza wakachukua Tanganyika, Loveridge aliajiriwa kuwa msaidizi katika idara mpya ya wanyamapori. Wazee walikuwa wanawaita maofisa hao Bwana Nyama. Alikaa Kilosa, siyo mbali na Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1921 alimwoa Mary Victoria Sloan. Kazi ya Bwana Nyama ilikuwa leseni za uwindaji, tembo waliovamia mashamba, simba waliotishia watu. Yeye aliifanya, ila macho yake yalikuwa chini, kwenye majani yaliyooza na mawe yaliyogeuzwa: nyoka, chura, kinyonga, mjusi. Akapanda Uluguru pia. Mwaka 1922 ndege mmoja wa maua wa milima ile, aina ya chozi ambaye haishi kwingine kokote duniani, aliingizwa kwenye vitabu akiwa na jina la Loveridge.

Mwaka 1924 akahamia Marekani, katika makumbusho ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, akawa mtunzaji wa reptilia na amfibia. Alibaki huko miaka 33. Lakini usidhani aliondoka. Kila baada ya miaka kadhaa alikuwa anafunga mizigo anarudi: 1926 milima ya Uluguru na Usambara, halafu nyanda za juu za kusini, halafu Kenya hadi Mlima Elgon, halafu misitu ya pwani, na mwisho Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mwaka 1948 na 1949.

Safari ya 1926 ndiyo inayonihusu zaidi. Alipanda Uluguru na kupiga kambi sehemu ambazo leo ukizitaja kwetu kila mtu anazijua: Bagilo, Nyingwa, Vituri. Mimi nina ndugu huko. Nilipoyaona majina hayo ndani ya kitabu kilichochapishwa Marekani nilijisikia kama mtu aliyekuta picha ya nyumba yao kwenye albamu ya mgeni. Alikuwa anafanya kazi kama walivyofanya wataalamu wote wa wakati wake. Watu wa kijijini, wakubwa kwa watoto, waliokota walichokiona na kumletea kambini, naye akalipa senti. Jioni alikaa chini anapima, anaandika, anatia kwenye spiriti. Pale Bagilo alipatikana ndege ambaye sayansi ilikuwa haijamjua, kwaru wa Uluguru, aliyetangazwa mwaka 1927. Na vyura, na vinyonga, na mijusi.

Kisha akavuka kwenda Usambara, Amani na kwingineko, akafanya vilevile. Mwaka 1928 yeye na mkuu wake, Thomas Barbour, wakatoa kitabu kikubwa kinacholinganisha reptilia na amfibia wa milima hii miwili. Kwa sisi wanafunzi wa leo tunaoimba Tao la Mashariki kwenye kila mtihani, wazo lao linaonekana la kawaida: kwamba milima hii ni kama visiwa, ila badala ya bahari imezungukwa na nyika kavu. Msitu wa juu unanyweshwa na mawingu kutoka Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, na mnyama mdogo asiyeweza kutembea juani kutoka mlima mmoja kwenda mwingine anabaki alipo, anabadilika polepole, mpaka anakuwa wa mlima huo tu. Lakini wazo hilo lilihitaji mtu apige magoti kwenye milima yote miwili ahesabu. Loveridge alipiga magoti.

Katika milima ile wapo wajusi wadogo wa kahawia ambao mtu anaweza kuishi nao miaka yote asiwajue, kwa sababu wanafanana na gome la mti na hawakai ukutani. Kwa muda mrefu baada ya Loveridge waliwekwa kwenye fungu moja na wa milima mingine. Mwaka 1986 mtaalamu Jean-Luc Perret aliwatenganisha, na wa Uluguru akapewa jina la Barbour. Fikiria hilo: mnyama yupo kwetu tangu dunia haijawa na barabara, lakini anajulikana kuwa wa kwetu tu mwaka ambao mama yangu alikuwa tayari anasoma shule ya msingi.

Kuna chura mmoja ananitesa. Alipatikana Usambara, Amani, katika safari ileile ya 1926. Barbour na Loveridge wakampa jina Parhoplophryne usambarica. Sampuli ni moja tu. Watu wamemtafuta tangu hapo, na hajaonekana tena. Yaani karibu kila tunachokijua kuhusu kiumbe huyo kimo ndani ya chupa. Rafiki yangu wa chumba kimoja, msoma sheria, nilipomsimulia aliona jambo moja tu: kwamba mzungu alimchukua wa mwisho. Nikambishia usiku kucha. Mtu mmoja akichukua chura mmoja hawezi kumaliza kizazi, na bila ile chupa tusingejua hata kwamba kuna kitu cha kutafuta. Msitu uliokatwa ndio unaomaliza vyura. Hata hivyo alipolala mimi nilibaki macho, kwa sababu kuna kitu alikuwa amekigusa ambacho sikuwa na jibu lake.

Kitu chenyewe ni hiki. Mwaka huohuo wa 1926 Loveridge alishiriki pia msafara mwingine, uliogharamiwa na tajiri wa magari Walter Chrysler, uliokuja Tanganyika kukamata wanyama wakiwa hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya taifa kule Washington. Kwa hiyo mkono uleule uliohesabu kwa ajili ya elimu ulisaidia pia kujaza vizimba. Wakati ule hakuna aliyeona kosa. Watu wetu waliotega, waliobeba na waliolisha wale wanyama walilipwa ujira wao, wakarudi nyumbani, hadithi ikaishia hapo. Naangalia majina ya spishi za kwetu nakutana na Barbour, Williams, Loveridge mwenyewe. Aliyeleta mjusi kambini mkononi, akapewa senti, sikutani naye.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1947, baada ya miaka mingi ya kukaa na chupa na lenzi, alichapisha mapitio ya familia nzima ya mijusi ya Afrika ambayo sisi kwa jumla tunaiita mjusi kafiri. Ni jina baya, tuseme ukweli. Wenzetu Waislamu wana masimulizi kwamba mjusi huyu aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, na utotoni sote, Waislamu kwa Wakristo, tulimkimbiza na ufagio. Loveridge aliwachukua wote hao waliofukuzwa na mafagio ya bara zima, akawapanga mmoja mmoja: vidole vina umbo gani, magamba ya kidevu ni mangapi, anaishi wapi na wapi. Mtu akikuambia kazi hiyo ni ya kupoteza muda, mwambie kwamba hauwezi kulinda usichoweza kukitofautisha na kingine.

Miaka mitano baadaye, 1952, ikamfikia sampuli kutoka Tanganyika, kutoka Kimboza. Alikuwa amepita milimani juu mwaka 1926, lakini huyu wa chini hakuwa amempata. Kimboza si mlima. Ni msitu mdogo wa takriban hekta 400 unaokaa kwenye miguu ya Uluguru, juu ya mawe ya chokaa yenye mapango na ncha kali. Loveridge aliandika makala fupi sana katika jarida la wapenda maumbile la Afrika Mashariki, na hata kichwa cha makala kilikuwa kinashangaa rangi ya bluu ya yule mjusi. Mtu aliyeona mijusi ya Afrika nzima akashangaa. Akampa jina la John Williams, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Nairobi. Ndiyo ile Lygodactylus williamsi niliyoikuta darasani, saa nane mchana.

Mwaka 1957 alitoa orodha kamili ya reptilia na amfibia wa Afrika Mashariki, kitabu ambacho wataalamu waliofuata walianzia hapo, kisha akastaafu. Hakubaki Marekani wala hakurudi Wales. Yeye na mkewe walihamia kisiwa cha St Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki, kilekile alikofungwa Napoleon mpaka kufa. Mary alifariki mwaka 1972. Arthur alifariki tarehe 16 Februari 1980, akiwa na miaka 88. Mbali na makala zake za kitaalamu aliacha vitabu vinne vya safari vya kusomwa na mtu yeyote.

Hapo maisha ya Loveridge yanaishia, ila ya mjusi wake yanaanza kuwa magumu.

Huyu mjusi wa bluu ana urefu wa kidole tu. Dume ndiye mwenye rangi kali. Jike ni wa kijani au wa shaba. Anaishi juu ya mti mmoja wa jamii ya mkadi, wenye majani marefu yenye miiba, na kwenye makwapa ya majani hayo maji ya mvua hutuama. Humo ndimo anamokunywa, anamowinda wadudu, na jike anamobandika mayai yake, kwa kawaida mawili. Mkadi mmoja huwa na dume mmoja mkubwa na majike yake. Sasa, ukitaka kumkamata mjusi aliye juu kwenye miiba, njia nyepesi ni ipi? Unakata mti. Unaangukia na nyumba yote.

Mimi nilikuwa nimebeba lile panga. Namkumbuka mkadi wa kwanza kuanguka, sauti yake kama ya mkeka unaochanwa, na mijusi inatawanyika kama shanga za bluu zilizokatika uzi. Nilifurahi. Nilikuwa mtoto, na kila shanga ilikuwa na bei.

Watafiti waliofanya kazi Kimboza baadaye walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi kati ya 32,000 na 42,000 na ushei, kama asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwepo wakati huo. Walikwenda Ulaya, Marekani na kwingineko, kuwekwa kwenye sanduku za vioo majumbani mwa watu wanaopenda rangi. Wengi walisafirishwa kwa majina ya mijusi wengine. Kimboza ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo kuingia na kukamata ilikuwa kosa tangu mwanzo. Mwaka 2012 mjusi huyu akaingizwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa mataifa kule Johannesburg, Tanzania na Umoja wa Ulaya walipendekeza mjusi huyu apewe ulinzi wa juu kabisa wa biashara ya kimataifa, sawa na faru, na kuanzia Januari 2017 ukaanza kufanya kazi.

Tazama jinsi jina lilivyofanya kazi pande zote mbili. Aliyeuza Ulaya alimtafuta kwa jina alilolitoa Loveridge. Na wanasheria waliomfungia biashara pale Johannesburg walimwandika kwa jina hilohilo. Bila jina hakuna bei katika soko la mbali, na bila jina hakuna kifungu cha sheria. Ndiyo maana nikiulizwa Loveridge alikuwa mwizi au mkombozi, siwezi kuchagua. Alikuwa mhesabuji mwaminifu. Upungufu mkubwa wa kazi yake, na wa serikali iliyomruhusu, nauona hapa: hesabu ilikwenda na meli. Ilikaa Harvard, London, Nairobi. Kwenye vijiji vilivyomletea wale wanyama ilibaki senti. Na senti ikiisha, hakuna kinachobaki kumwambia mtu kwamba alichokuwa nacho mkononi kilikuwa cha pekee.

Nalijua hili kwa sababu ya likizo iliyopita. Nilikwenda nyumbani, nikakaa na mjomba barazani, nikamsimulia mzee huyu wa Wales tangu mwanzo mpaka St Helena. Alisikiliza kwa makini kuliko darasa letu la saa nane. Alitaka kujua kama yule Bwana Nyama alijua Kiswahili, na kama aliwalipa vizuri watu wa Bagilo. Halafu nikamwambia kwamba mijusi ile ya bluu, zaidi ya vipande vichache vya msitu hapo karibu, haipo mahali pengine popote duniani. Akanyamaza muda mrefu. Mjomba alikuwa anaamini ipo kila mahali palipo na msitu, hadi Congo, kama mbu. Yule mnunuzi hakumwambia. Mwalimu hakumwambia. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nasomeshwa kwa hela ile, sikuwa najua cha kumwambia. Jina lilikuwa limeandikwa tangu 1952, na mwaka 2009 habari ilikuwa bado haijafika barazani, mwendo wa saa chache tu kutoka msituni.

Sisemi kwamba angejua asingekamata. Njaa haisomi orodha. Lakini angekuwa na kitu cha kupimia, na labda angekata mikadi michache zaidi. Sitaki kumfanya mjomba awe mtakatifu, wala kumbebesha mzigo ambao mnunuzi na wateja wake waliutua kwake. Nataka tu kusema pengo lilikuwa wapi.

Mwaka wa tatu huu natakiwa kufanya utafiti wa kumalizia shahada. Wenzangu wengi wanachagua mada ambayo data yake iko tayari kwenye kompyuta, na siwalaumu, bumu lenyewe mnalijua. Mimi nimeomba kuhesabu mikadi ya Kimboza: ipo mingapi, mingapi imekatwa, mingapi inachipua tena, na mierezi ya kigeni iliyopandwa zamani imeingia wapi na kuifunika. Mijusi nitaihesabu kwa macho bila kugusa. Barua ya kibali nimeshaipeleka kwa wahusika. Atakayenionesha njia ni mjomba. Anaijua miti ile mmoja mmoja, kwa sababu iliyokuwa mbaya, lakini anaijua. Kwenye ripoti jina lake nitaliandika kwa ukamilifu, ukurasa wa kwanza.

Na wewe unayesoma hapa ukisubiri foleni ya chakula: fungua orodha ya viumbe wa wilaya yenu. Tafuta jina la mtu na mwaka, soma maisha yake, yawe mazuri au mabaya. Halafu likizo ikifika, nenda ukayasimulie barazani kwenu, mbele ya watu wanaoishi na huyo kiumbe. Mimi nimechelewa miaka tisa na mikadi kadhaa. Mjomba ameniuliza kama tutaanza kuhesabu kabla ya masika au baada. Nimemwambia kabla, maana mvua zikishaanza yale mawe ya chokaa yanateleza, na yeye magoti yake siyo ya zamani.